Mwalimu Tarajali Katika Darasa la Elimu Maalum

Mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo wa ualimu nchini Tanzania wamezoea kuyaita BTP, ni kipindi ambacho mwalimu tarajali hutoka chuoni na kukabidhiwa darasa halisi chini ya uangalizi wa mwalimu wa shule husika. Anayesomea elimu maalum anaweza kupangwa katika shule ya wasioona, kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma, au katika shule ya viziwi. Wengi hujikuta kwenye kitengo, yaani chumba kimoja au viwili vilivyotengwa ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Atakachokutana nacho huamuliwa na fani aliyoisomea. Katika Chuo cha Ualimu Elimu Maalum Patandi, kilichopo Tengeru mkoani Arusha, miongoni mwa fani hizo ni ulemavu wa akili, uziwi na kutoona.

Siku za mwanzo ni za kutazama, na asiyekubali kutazama huumbuka mapema. Katika darasa la wenye ulemavu wa akili, umri hausemi mengi. Mtoto wa miaka 8 anaandika jina lake. Wa miaka 13 ndiyo kwanza anajifunza kufunga vifungo vya shati. Mwingine, mwenye usonji, huziba masikio kila kengele inapogongwa na huchukua muda kutulia. Andalio moja la somo kwa wote hao halifiki popote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu tarajali ni kujua kila mmoja anaweza nini peke yake, anaweza nini akisaidiwa, kinachomkera ni kipi, na anaombaje kwenda chooni kama hawezi kusema. Hayo huandikwa katika mpango wa mtoto mmoja mmoja, na ndiyo yanayozaa malengo ya wiki.

Malengo yenyewe huwa madogo kuliko alivyozoea mtu aliyesoma katika darasa la kawaida. Kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi, kwa mfano, ni somo zima. Mtoto husogea, hukanyaga kijiti maji yatoke, hulowesha mikono, hushika sabuni, husugua viganja, kisha katikati ya vidole, hukanyaga tena, husuuza, hujifuta. Mwalimu huandika hatua hizo kwa mfuatano, kisha huchagua aanzie wapi kufundisha. Mbinu moja inayosaidia sana ni kuanzia mwisho: mwalimu humshika mtoto mikono katika hatua zote, ila ile ya kujifuta humwachia mwenyewe. Akishaimudu, huachiwa na kusuuza, hivyo hivyo kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kila siku mtoto ndiye anayemaliza kazi, na pongezi humkuta akiwa ameimaliza. Msaada nao hupunguzwa kidogo kidogo, kutoka kumshika mkono, kumgusa kiwiko, kumwonyesha kwa kidole, hadi neno moja tu. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu wanasema mno. Maelekezo matatu yakitolewa kwa mkupuo mmoja humchanganya mtoto ambaye angefuata moja bila shida.

Kwa viziwi ugumu uko kwingine. Wanafunzi mara nyingi huijua lugha ya alama kuliko mwalimu tarajali, na humsahihisha bila haya. Wao ndio humpa jina lake la alama, ambalo huenda likatokana na kovu, miwani au namna anavyocheka, na hana budi kulikubali. Madawati hupangwa nusu duara ili kila mmoja amwone mwalimu na wenzake. Mwalimu akigeukia ubao huku anaendelea kueleza, somo limesimama. Akisimama dirishani jua likiwa nyuma yake, uso na mikono hugeuka kivuli. Hayo huyajua vizuri kwa nadharia, lakini mazoea ya miaka humrudisha ubaoni.

Mbele ya wasioona, maneno kama "hii" na "pale" hupoteza maana. Mwalimu wa Hisabati anayesema "ongeza hii kwenye hii" hajasema kitu. Tena inampasa kumudu nukta nundu, maandishi ambayo kila herufi hujengwa kwa baadhi ya nukta 6 zilizopangwa katika safu mbili. Mashine ya kuandikia ya Perkins ina kitufe kimoja kwa kila nukta, na vidole huizoea upesi. Kibao na kalamu ya kutobolea ndivyo vinavyotoa jasho: mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa isomeke kutoka kushoto. Kazi hiyo huchukua muda. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wasioona dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na mwalimu tarajali anayepanga zoezi la darasani afanye hesabu ya namna hiyo hiyo.

Mkufunzi kutoka chuoni huja kutathmini, akakaa nyuma na fomu yake. Somo linaweza kukatika wakati wowote, kwa sababu baadhi ya watoto wana kifafa. Mmoja akishikwa, mwalimu humlaza ubavu, huondoa vitu vigumu karibu yake, hamtii chochote mdomoni, na huangalia saa, kwani mtukutiko ukipita dakika 5 mtoto hupelekwa kituo cha afya. Mkufunzi mwenye uzoefu hutoa alama nzuri kwa aliyeacha andalio lake na kufuata hali ya darasa. Anayepima kwa kuhesabu hatua zilizofikiwa hamtendei haki.

Nje ya darasa kuna wazazi, ambao wengine hawajawahi kuambiwa jambo jema kuhusu mtoto wao, na kuna walimu wa madarasa mengine ambao hukiona kitengo kama mahali pa kulelea tu. Mwalimu tarajali hawezi kuwabadili wote kwa muda mfupi alionao. Anachoweza ni kupatana na mzazi ili hatua zilezile za kunawa zifuatwe na nyumbani, na kabla ya kuondoka kumwachia mwalimu wa darasa kumbukumbu za kila mtoto: hatua aliyofikia, msaada anaouhitaji, na kilichojaribiwa kikashindikana.