Mbuna wa Ziwa Nyasa: bei iko mwambani

Mfanyabiashara wa Uwemba aliyezoea viazi vya gunia huenda hajui kwamba Ziwa Nyasa, huko Ludewa, lina samaki wa mapambo anayeuzwa mmoja mmoja, akiwa hai. Mbuna, ambaye kwa kawaida ni mdogo kuliko kiganja, hukwangua mwani miambani na ni nadra kuvuka mchanga. Hivyo mwamba huweza kuwa na aina yake, na wanunuzi wa Ulaya humwita kwa jina la mahali, kama "Hongi", kisiwa cha upande wa Tanzania. Jike hubeba mayai machache mdomoni, wiki tatu hivi. Mwamba ukikombwa, jirani haji kuujaza upesi. Tena Ujerumani na Marekani huzalisha mbuna matangini, bei ikashuka. Na maji yake ni ya nyuzi 24 hadi 28: lori likilala Njombe mwezi Juni, mzigo umekufa.