Jongoo bahari: Usijenge uzio kabla hujausoma mchanga

Wiki hii simu nyingi zimeuliza jambo moja: "Afisa, jongoo bahari halishwi chakula, sasa mbona hakui?" Leo nijibu wote kwa pamoja.

Kweli, jongoo mchanga hanunuliwi chakula. Yeye humeza mchanga, tumboni anachuja mabaki ya majani, vijidudu na mwani mdogo sana, kisha anautoa mchanga ukiwa safi. Kwa hiyo chakula chake ni hilo eneo ulilomzungushia uzio. Na eneo lina kiasi chake, kama malisho ya ng'ombe.

Kuna kijana nilimtembelea, aliweka vifaranga 1,000 kwenye uzio wa mita 10 kwa 20. Mwanzo walikua vizuri. Walipofika kama gramu 40 kila mmoja, wakagoma. Akadhani kauziwa mbegu mbovu. Tukapiga hesabu: 1,000 mara gramu 40 ni kilo 40, na eneo ni mita za mraba 200. Hiyo ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Hapo ndipo mchanga unapoelemewa. Ukizidi kidogo tu, ukuaji unasimama. Mbegu haikuwa na kosa.

Sasa igeuze hesabu. Ukitaka kuuza jongoo wa gramu 400, kila mmoja anahitaji mita za mraba 2. Uzio wa kijana yule ulitosha 100 tu. Hao 1,000 walihitaji mita 2,000. Fanya hesabu hii kabla ya kutoa hela ya vifaranga, sio baada.

Halafu angalia mahali penyewe:

1. Majani ya bahari yawepo. Mabuu ya jongoo huogelea kama wiki mbili, kisha hutua kwenye majani hayo. Yakioza, yanakuwa chakula. Usiyang'oe eti unasafisha shamba.

2. Mchanga uwe laini, wenye tope kidogo. Mchana jongoo mdogo hujifukia, usiku hutoka kula. Penye mawe matupu hapamfai.

3. Kaa mbali na mdomo wa mto. Mikoko jirani ni neema, inaleta majani yaliyooza. Lakini mvua za masika zikishusha maji baridi mengi, chumvi inapungua na jongoo wanakufa.

4. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Pakikauka kabisa na kuchomwa na jua saa nyingi, sogea chini kidogo.

Adui mkubwa wa vifaranga ni kaa. Usiweke wadogo moja kwa moja baharini. Subiri wafike angalau gramu 15. Kabla ya kuwaweka, watoe kaa wote ndani ya uzio, na rudia usiku wakati wa kukagua.

Yule kijana alipanua uzio na kupunguza idadi. Jongoo wakaanza tena kukua. Ila miezi aliyopoteza haikurudi, na mlinzi alilipwa yote.

Kwa hiyo kabla ya kununua nyavu, shika futi na daftari, ushuke ufukweni maji yakipwa. Muone na afisa uvuvi wako kuhusu kibali. Swali likibaki, niulize.