Kielelezo, Kompyuta na Meli Yenyewe: Ubashiri wa Usukumaji wa Meli

Makala haya yanafafanua namna wahandisi wanavyobashiri nguvu ya injini itakayohitajika kuisukuma meli ambayo bado haijaundwa. Suala hili si la nadharia tupu. MV Mwanza, iliyoshushwa katika Ziwa Victoria mwaka 2023, ina urefu wa mita 92.6 na ilikusudiwa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kwa chombo cha namna hiyo, injini ikiwa ndogo ratiba haitimizwi. Ikiwa kubwa mno, fedha za umma huishia katika uzito usiohitajika.

Njia kongwe ni ya kielelezo. Mwingereza William Froude, ambaye tangi lake la majaribio lilianza kazi Torquay mnamo 1872, alibainisha kuwa mawimbi ya kielelezo hufanana na ya meli iwapo mwendo utagawanywa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Ichukuliwe kwamba meli ya mita 92.6 inatakiwa kwenda maili 16 za baharini kwa saa, na kielelezo chake ni kidogo mara 20, yaani mita 4.63. Kielelezo kitavutwa kwa maili 3.6 hivi. Hapo ndipo utata unapoanza, kwani msuguano hutawaliwa na kanuni nyingine, ya Osborne Reynolds, nayo ingedai kielelezo hichohicho kiende maili 320! Kanuni hizo mbili haziwezi kutiiwa pamoja katika tangi la maji. Froude aliugawa ukinzani: msuguano ukokotolewe peke yake, na masalio yapimwe kisha yakuzwe. Fomula ya msuguano iliyoafikiwa katika mkutano wa kimataifa wa Madrid mwaka 1957 ingali ikitumika.

Rafadha huuzidisha ugumu. Haifanyi kazi katika maji matulivu, bali katika maji yanayoburutwa na mwili wa meli. Tena, inapoyavuta, hupunguza shinikizo penye tezi na kuongeza ukinzani. Kwa sababu hiyo hupimwa kwanza peke yake, kisha ikiwa nyuma ya kielelezo. Nacho kielelezo huburuta tabaka la maji ambalo, kwa kulinganisha na urefu wake, ni nene kuliko la meli. Asiyelisahihisha hilo ataichagulia meli rafadha isiyoifaa.

Uigaji wa kompyuta huikokotoa meli kwa ukubwa wake halisi, hivyo mgongano wa kanuni huondoka. Hata hivyo, msukosuko wa maji haukokotolewi wote. Sehemu yake hukadiriwa tu, na makadirio hayo huhitaji ushahidi wa tangi. Zaidi ya hayo, makadirio ya baharini kwa kawaida huchukulia maji ya chumvi yenye nyuzi 15 za Selsiasi. Maji ya nyuzi 25, kama ya ziwani, yana mnato pungufu kwa takriban robo, na kwa kukosa chumvi ni mepesi kwa zaidi ya asilimia 2, hata meli ileile ikazama kidogo zaidi.