Simba Alipokuja, Tulimtazama Jirani

Ndugu msomaji, wewe unayelima kando ya Mto Ruvuma unaijua kazi ya kulinda shamba. Mpunga ukianza kutoa masuke, mchana wanakuja nyani na usiku wanakuja nguruwe. Basi unajenga dungu. Unachukua debe la kupiga, unahamia shambani na watoto. Unakaa huko Machi, Aprili, na pengine Mei yote.

Mimi ni bwana shamba. Mwaka 2003 nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha kilimo. Nilipelekwa kijiji kimoja cha bondeni, upande ule ambako mto unakaribia mikoko na bahari. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu watu ninaotaka kuwasimulia bado wana jamaa zao huko.

Mwezi Aprili simba alimchukua mtoto wa miaka tisa. Ilikuwa jioni, giza limeanza kuingia. Mtoto alishuka kutoka kwenye dungu kwenda kuchukua sufuria. Baba yake alisikia sauti moja tu. Asubuhi tulimkuta. Sitaeleza zaidi.

Siku nne baadaye simba alimrukia mama mmoja aliyekuwa anakwenda chooni. Mama huyo alipona, lakini mkono wake haukupona.

Je, wewe ungefanya nini? Sisi tulifunga milango mapema. Milango yenyewe ilikuwa ya matete. Tuliacha kutembeleana. Na katika kile kimya, maneno yakaanza kutembea. Watu walisema, "Huyu si simba wa porini. Huyu ni simba wa mtu."

Wa mtu gani? Kijijini alikuwepo mzee mmoja, Mmakonde wa ng'ambo. Alikuwa na chale usoni, kama wazee wa Mueda walivyochanjwa zamani. Alivuka mto mwaka 1965 akikimbia vita. Alikaa nasi miaka 38. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Alikuwa anaishi peke yake, na alijua dawa za miti. Tena kulikuwa na jambo moja lililowasumbua watu kuliko yote. "Mbona shamba lake haliguswi na nguruwe?" waliuliza. "Anawatuma kwetu. Na simba anamtuma kwetu."

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo nilikuwa nalo mimi. Shamba la mzee lilikuwa na handaki kuzunguka pande zote. Alilichimba mwenyewe kwa jembe, kiangazi kizima. Nilikuwa nimelipima kwa kamba, nikaliandika katika daftari langu, nikawa na nia ya kuwaonyesha wengine. Lakini maneno yale yalipoanza, sikusema kitu. Mimi pia nilikuwa naogopa. Usiku nikisikia jani linaanguka juu ya bati, nilikuwa nakaa kitandani mpaka asubuhi. Na nitasema ukweli: kuna usiku mmoja nilimfikiria mzee yule, nikajiuliza kama watu hawasemi kweli.

MLANGONI KWA MZEE

Usiku wa Jumamosi walikuja vijana kama thelathini. Wengi walitoka kitongoji cha juu, mbali na nyumba ya mzee. Walikuwa na mapanga na chupa ya mafuta ya taa. Nilikuwa nimepanga chumba karibu, nikatoka na kusimama gizani.

Aliyewazuia ni mama mmoja, jirani yake. Alitoka na kanga moja, amebeba mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya mlango wa mzee. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Babu huyu tunachota naye maji kisima kimoja," alisema. "Jioni ile mtoto alipochukuliwa, babu alikuwa jikoni kwangu, anaota moto. Kama mnamtaka simba, porini ni kule."

Kijana mmoja akamwambia, "Mama, ondoka. Wewe umerogwa."

Hakuondoka. Kisha akatoka mume wake. Kisha nyumba ya pili wakatoka, na ya tatu. Walikuwa watu wa kisima kile kile. Walikichimba pamoja na mzee mwaka wa ukame. Hawakuwa mashujaa, ndugu msomaji. Mmoja wao alikuwa amekuja na mwiko, kwa sababu hakupata kitu kingine cha kushika. Mwenyekiti wa kijiji alipofika na mgambo, hapo ndipo na mimi nikasogea, nikasema habari ya handaki. Nilichelewa. Kama yule mama angesubiri mwenye cheti aseme, mzee angekuwa amekwisha kufa.

Vijana walirudi. Njiani walilichoma moto dungu la mzee.

SIMBA ALIKUJA KWA SABABU GANI?

Mwaka 2005 wataalamu, akiwemo Mtanzania mwenzetu Dennis Ikanda, walitoa matokeo ya uchunguzi. Waliona kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania. Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa iliyoumia sana.

Sababu waliyoieleza ni hii. Mahali watu walipoongezeka, wanyama kama swala walipungua. Nguruwe hakupungua. Anapenda mihogo yetu na mpunga wetu, na wengi wetu huku pwani hatumli. Basi simba akabaki na nguruwe. Nguruwe anafuata shamba. Simba anamfuata nguruwe. Na wewe mkulima, kwa kumfuata nguruwe huyo huyo umfukuze, unalala shambani ndani ya dungu lisilo na ukuta. Simba anakukuta hapo.

Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2011 ulitazama karibu mashambulio 500 ya miaka ya 1988 hadi 2009. Mengi yalitokea jioni, na zaidi katika siku kumi baada ya mwezi mpevu. Siku hizo mwezi unachelewa kutoka, na jioni inakuwa giza tupu. Simba naye anakuwa na njaa, kwa maana katika mbalamwezi hakuweza kunyatia mawindo vizuri. Siku hizo usimtume mtoto nje baada ya jua kuzama. Choo kiwe karibu na nyumba. Dungu liwe juu, lenye ukuta na ngazi ya kuvutwa.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wilaya ya Muidumbe, nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003, simba waliua watu wengi. Na watu wakaua watu. Walisema wameua wenye simba. Wazee na wapweke waliburutwa kutoka majumbani mwao. Simba hawakuacha kuua kwa sababu hiyo.

ZAMANI TULIOGOPA PAMOJA

Wazee wetu watakumbuka kwamba hofu haikuwa hivi siku zote. Watu wa pwani zamani waliwaita Wamakonde wa ng'ambo "Wamawia". Waliogopa chale zao na ndonya za wanawake. Watoto waliambiwa wasipite karibu nao. Lakini tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo walianza vita dhidi ya Wareno, na maelfu wakavuka Ruvuma na vichanga mgongoni. Walipewa mashamba. Frelimo walikuwa na hospitali yao Mtwara mjini. Ndege za Wareno zilivuka na kupiga vijiji vya mpakani upande wetu. Mtu wa huku na mtu wa kule walilala katika shimo moja. Mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walikuwa wameoana.

Basi kwa nini hofu ile iliwaunganisha watu, na hofu ya simba ikatutenganisha? Mimi naona hivi. Bomu lilijulikana limetoka kwa nani. Lakini baba aliyepoteza mtoto kwa simba anauliza, "Kwa nini wangu?" Swali hilo halina jibu, na mtu mwenye uchungu hawezi kukaa bila jibu. Atalitafuta kwa yule asiye na ndugu wa kumtetea. Nami natazama mahali pia. Waliokuja na mapanga hawakuwa wabaya kuliko wenzao wa kisimani. Wengine walikuwa wakulima wangu wazuri. Ila walikuwa wanamwona mzee kwa mbali tu, siku ya gulio.

Siku hizi tuna hofu nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 walivuka na kushambulia Kitaya, hapa hapa kwetu, watu wakauawa. Machi 2021 walivamia Palma. Kwa hiyo mtu akitokea mtoni leo na furushi kichwani, tunamtazama kwa jicho lingine. Mgeni aripotiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, hiyo ni kazi ya kila raia. Lakini kuripoti ni kitu kimoja na kumpiga ni kitu kingine. Kumbuka furushi lile lina nini mara nyingi: sufuria, kanga, na nguo za mtoto.

Nirudi kwa mzee. Mwezi Mei askari wa wanyamapori walimuua simba yule, jike mwenye jino lililovunjika. Unadhani maneno yaliisha? Wiki ile mzee aliugua homa. Wengine wakasema, "Mnaona? Simba wake amekufa."

Kabla ya msimu uliofuata, watu wa kisimani walichimba handaki la pamoja kuzunguka mashamba kumi na moja. Niliwapimia kamba. Mzee alikaa kivulini akawaonyesha kina chake, maana mgongo ulikuwa umechoka. Madungu yalijengwa kwa mstari, moja likiona jingine. Vijana wawili wa kitongoji cha juu walikuja kusaidia. Mmoja wao nilimfahamu kutoka usiku ule. Hakusema kitu, na mzee hakumwuliza. Alimpa jembe.

Dungu la mzee waliliweka katikati. Usiku wa kwanza nguruwe walipokuja, debe lake ndilo lililolia mbele ya mengine.