Akiba Haiozi, Bali Sidii Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lau wangaliiona sidii, huenda wangaliongeza neno.

Mwaka 2007 niliitia katika sidii moja sauti ya marehemu mama yangu akiimba nyimbo za harusi. Ilitoka katika kanda iliyokuwa imeanza kukatika, kanda nikaitupa. Mwezi uliopita niliitafuta sidii ile, nikaikuta imebabuka kama chokaa ya ukuta wa kale. Mashine iliizungusha, ikaguna, ikaitema. Kosa ni langu mwenyewe.

Msiba huu umewapata hata wakubwa. Mwaka 1986 shirika la BBC la Uingereza lilikusanya habari na picha za nchi nzima, nyingi zikitoka kwa watoto wa shule, likazitia katika santuri mbili pana zisomwazo kwa mwale wa leza. Ulikuwa ukumbusho wa daftari la Domesday, lililoandikwa kwa mkono mwaka 1086. Kufikia 2002 mashine za kuzisomea zilikuwa zimeadimika, hata wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kutunga programu ya kuiga mashine hizo ili kuyaokoa yaliyomo. Daftari lenyewe, la miaka zaidi ya 900, lingali lasomeka.

Basi tufanyeje, ndugu msomaji? Sidii ya kunakilia ina utando wa rangi ambao leza hutia alama kwa kuuchoma. Adui zake ni joto, jua na unyevu, na sisi watu wa pwani tunavyo vyote vitatu. Upande wa juu ndio dhaifu zaidi: usiubandike karatasi wala usiuandike kwa kalamu ya ncha ngumu. Iweke wima ndani ya kasha lake, mahali pa giza na pakavu.

Ukimaliza kunakili, usiiamini papo hapo. Chuoni, mwalimu hakuridhika mpaka umemsomea ulichohifadhi. Nawe fungua kila faili uhakikishe. Fanya nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine, na ya tatu uitie katika kifaa cha aina tofauti. Kila baada ya miaka michache zijaribu, uzihamishe; kompyuta nyingi mpya hazina pa kutilia sidii, na Sony iliacha kuunda Blu-ray za kunakilia Februari 2025.

Tenzi za wazee wetu hazikutufikia kwa uimara wa karatasi, bali kwa mikono iliyozinakili tena na tena karatasi zilipochakaa.

Na ile asili, hata ikichakaa, usiitupe. Mimi kanda yangu naijutia hadi leo.