Gari la Wagonjwa Lataka Watunzaji

Mwanamke wa Migosi, mjini Kisumu, akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku na mambo yakaharibika, hospitali kubwa i karibu naye. Wenyeji huiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, ikafunguliwa mwaka 1969. Siku hizi ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini dada yake aliyeolewa Seme, au huko kwenye vilima vya Maseno, hana bahati hiyo. Hospitali ya misheni ya Maseno, iliyo karibu na mstari wa Ikweta, imewatibu watu wa huko tangu mwanzo wa karne ya 20. Kutoka hapo mpaka Kisumu ni kama kilomita 25.

Waganga wasema kwamba mwanamke atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili. Kwa hiyo hospitali ya shamba ikipewa gari la wagonjwa, watu hushangilia, na wana haki ya kushangilia. Yafaa hata hivyo tujiulize: gari hilo laweza kufanya nini, na lisiloweza ni lipi?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wazazi hufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Kwanza, jamaa wa nyumbani hukawia kukata shauri. Pili, safari huwa ndefu. Tatu, mgonjwa hufika hospitali akakosa damu, dawa au mganga. Gari laponya ule ucheleweshaji wa pili tu.

Na hata huo laushinda likitunzwa. Mwezi wa Januari 2014 Bibi Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, alianzisha kampeni ya Beyond Zero kwa ajili ya akina mama na watoto. Mwaka uo huo alikimbia mbio za marathoni za London kutafuta fedha, na kila moja ya kaunti 47 za Kenya ikapewa zahanati ya gari. Kazi njema sana. Lakini miaka michache baadaye magazeti yaliandika kwamba baadhi ya magari hayo yalikuwa yamelala bure, kwa kukosa mafuta, matengenezo na watumishi.

Jambo hili si la ajabu. Gari likila lita moja kwa kilomita 8, safari ya Maseno hadi Kisumu na kurudi hula lita 6 na zaidi, na safari si moja. Kuna matairi, betri na oksijeni. Kuna dereva wa mchana na wa usiku, na mkunga wa kumshika mgonjwa njiani. Mfadhili hutoa gari mara moja. Mafuta hutakiwa kila siku. Tena liwe na daftari la kila safari, lisitumiwe kwenda sokoni wala kuchukua watu wa mazishi.

Sisi wanakijiji nasi tunayo kazi. Katika uwanda wa Kano mvua ikinyesha, udongo mweusi hushika magurudumu, na mto Nyando ukifurika njia hupotea. Hapo mgonjwa hana budi kuchukuliwa kwa machela mpaka barabara kuu. Basi kila kijiji kiweke machela yake na vijana wa kuichukua, kichimbe mitaro ya njia yake, na kila nyumba ijue namba ya simu ya hospitali. Vyama vya akina mama viweke akiba ya safari. Haba na haba hujaza kibaba. Wenye afya wajitolee damu kabla haijahitajiwa.

Na mume asingoje kikao cha wazee usiku wa manane. Shauri la kwenda hospitali likatwe mapema, mimba ingali changa. Mama akianza kutokwa na damu, zile saa mbili zimekwisha kuanza kuhesabiwa.