Chujio la Hewa la Gari: Kinga Kwanza, Nguvu Baadaye

Injini hutumia hewa nyingi kuliko wenye magari wengi wanavyodhani. Kuunguza lita moja ya petroli huhitaji takribani lita 9,000 za hewa. Katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, hewa hiyo hubeba chembe za mchanga. Zikipenya hadi kwenye silinda, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Gari huanza kula oili na kutoa moshi, na hatimaye mwenyewe hulazimika kugharimia matengenezo makubwa ya injini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita ea klina, ni kuzuia vumbi.

Ahadi za wauzaji

Chujio la kawaida ni la karatasi, nalo hutupwa likichoka. Yapo pia machujio yanayotangazwa kuwa yanaongeza nguvu. Mengi hutengenezwa kwa pamba iliyoloweshwa oili maalumu. Huoshwa na kutumika tena, na bei yake ni kubwa zaidi.

Ni kweli kwamba machujio hayo huweza kupitisha hewa kwa wepesi. Hata hivyo, chujio safi la karatasi hukidhi mahitaji ya injini ya gari la kawaida, hivyo nguvu inayoongezeka ni ndogo, na mara nyingi dereva haihisi. Mvumo mkubwa zaidi wa hewa si ushahidi wa nguvu. Kuhusu kuokoa mafuta, maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha mwaka 2009 matokeo ya vipimo vya magari ya petroli ya kisasa: hata chujio lililoziba halikubadilisha sana ulaji wa mafuta, bali lilipunguza uwezo wa gari kuongeza kasi.

Kabla ya kununua

Hakikisha chujio linalingana na aina ya gari na injini yako, na kwamba ukingo wake wa mpira unakaa sawasawa ndani ya boksi. Mwombe muuzaji matokeo ya kipimo cha ISO 5011, yanayoonyesha kiasi cha vumbi kinachozuiwa, si wepesi wa hewa peke yake. Jihadhari na chujio la wazi lisilo na boksi: huvuta hewa yenye joto kutoka kwenye injini, na hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupunguza nguvu.

Matunzo

Chujio la karatasi lisioshwe. Kulipuliza kwa upepo mkali wa kompresa, kama ilivyozoeleka katika gereji nyingi, huweza kulitoboa kwa matundu yasiyoonekana. Likichafuka, libadilishwe, na kwa anayepita kwenye vumbi, likaguliwe mapema kuliko ratiba ya kawaida.

Chujio la pamba lioshwe kwa dawa yake, likaushwe kivulini, kisha lipakwe oili yake kwa kipimo kilichoelekezwa. Oili ikipungua, vumbi hupita; ikizidi, huweza kuchafua sensa inayopima hewa na kuvuruga mwendo wa injini. Usitumie petroli kuosha wala oili ya injini kupaka.

Baada ya muda, zima injini, fungua boksi na pangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo mbele ya chujio kuelekea injini. Ukiona vumbi, chujio halizibi vizuri au limetoboka. Lisiendelee kutumika.

Haki yako

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiahidiwa nguvu au akiba ya mafuta, omba ahadi hiyo iandikwe. Tunza risiti na kifungashio, kwa kuwa ndivyo vitakavyokusemea iwapo utalazimika kulalamika.